Suruali ya Baba Juu ya Jiwe

Masika ya mwaka huu yalipokatika, wenzangu wa ofisini walipanga safari ya siku moja kwenda kuogelea kwenye maporomoko yaliyojificha ndani kabisa ya Kisarawe. Tangazo lilikuja kwenye simu, na picha ya maji meupe yanayoshuka kwenye mwamba mweusi, na maneno kwamba kutakuwa na kiongozi mwenyeji, chakula cha mchana na mahali pa kubadilishia nguo. Kila mtu aliandika kwamba hajawahi kufika mahali kama pale. Mimi niliitazama ile picha nikaona jiwe. Upande wa kushoto wa maji kuna jiwe pana, limelala kama kitanda, na hapo ndipo baba yangu alipoiweka suruali yake nikiwa msichana wa darasa la tano, ikachukuliwa, nami nikapata aibu ambayo haijanitoka hadi leo, ingawa imebadilika sura.

Sikumwambia mtu. Nilijiandikisha kama wengine, na siku ya safari nikaweka mkobani taulo, kanga, na suruali ya kijivu ya marinda. Si ile ya siku ile, ile ilichakaa zamani, lakini ni dada yake kabisa. Baba hakuwahi kuvaa ya namna nyingine.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana bila kumjua baba hutaelewa kwa nini suruali ilikuwa jambo kubwa. Tuliishi Mkuza, Kibaha, wakati ule Mkuza ilipokuwa na mikorosho mingi kuliko uzio. Baba alikuwa bwana afya. Alipita kwenye migahawa ya Maili Moja na baiskeli yake nyeusi, akifunua masufuria, akiuliza choo kiko wapi, na mama lishe wakimwona kwa mbali walianza kufunika maandazi na kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Hakuwa mkali wa maneno. Alikuwa na namna ya kusimama, mikono nyuma, mgongo umenyooka, akitazama kona ya jiko mpaka mwenye jiko aione mwenyewe taka iliyoko pale.

Kila jioni alipiga pasi nguo zake kwa mkono wake mwenyewe. Mama alishakatazwa kuigusa ile pasi ya mkaa. Kazi yangu ilikuwa kuleta makaa kutoka jikoni na kupepea yasizimike, naye alijaza maji kinywani akayapuliza juu ya kitambaa kama mvua nyembamba, kisha akakandamiza marinda mpaka yakasimama. Harufu ile ya kitambaa chenye unyevu na mkaa nikiipata popote nageuka. Asubuhi tuliondoka pamoja, yeye akikokota baiskeli, mimi pembeni, mpaka kwenye geti la shule. Watoto walimwogopa kwa sababu alikuja kukagua kucha na vyoo. Mimi niliitwa mtoto wa bwana afya, na kwenye foleni ya bomba hakuna aliyenipita. Niseme kweli, nilikuwa naupenda sana ukubwa ule.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa mwanamke mpenda kutembea, aliyeamini kwamba mtoto asiyeona mto hawezi kufundishwa habari za mito. Mitihani ya muhula ilipokwisha akaazima lori, akatuambia tutakwenda kuona maporomoko na kuogelea. Akamwomba baba atusindikize ili ayaangalie maji kama ni salama. Tulibeba maandazi, viazi vya kuchemsha na chai ya rangi kwenye chupa, tukapanda nyuma ya lori pale Maili Moja. Tulipita Mlandizi, tukaacha lami, tukaingia upande wa Kisarawe kwenye njia nyekundu yenye matope, huku matawi ya mikorosho yakitufagia vichwa na wasichana wakipiga kelele kwa raha tu. Baba alikaa mbele na dereva. Niliona kisogo chake kupitia kioo, na kola yake imesimama wima.

Lori liliishia kwenye kijiji kimoja cha Wazaramo. Kutoka pale ni miguu, na hakuna mgeni aliyefika kwenye maji bila kuongozwa, kwa sababu njia inakatiza mashamba ya watu na vidimbwi vingine vina kina. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja mwembamba, ana kanga mbili, panga mkononi na ugoro chini ya mdomo. Mwalimu alimsalimia, baba naye akamwamkia shikamoo kwa adabu. Yule mama akaitikia, akamuuliza kwao ni wapi. Baba akasema Tabora.

Mama yule aliweka panga chini. Alimzunguka baba, akamtazama kichwa kizima, akambonyeza utosi kwa kidole mbele ya darasa zima.

"Kumbe mpagazi wangu," alisema. "Wee, mzigo wangu umeuacha wapi?"

Nilisubiri baba asimame ile namna yake ya kusimama. Badala yake uso wake ulifunguka, kitu ambacho sikuwahi kukiona, akajibu kwamba mzigo aliutua njiani miaka mingi iliyopita, maana wenye mzigo walisikia ngoma wakakimbilia kucheza na mpaka leo hawajarudi. Wakaanza hapo. Njia nzima, katikati ya mihogo na minazi, walitukanana. Yeye alisema Wanyamwezi wana vichwa bapa kwa kubeba pembe za tembo. Baba alisema Wazaramo jembe kwao ni kitu cha kupigia ngoma. Mwalimu alicheka mpaka akasimama kupangusa macho. Sisi watoto hatukujua tucheke au tuogope, na wenzangu walianza kunitazama mimi, kana kwamba nina maelezo.

Wewe labda unajua, mimi nilikuwa sijui. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na kupita kwenye vijiji vya babu zao. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kofia, kula sahani yako, nawe huna ruhusa ya kununa. Lakini nyumbani kwetu Mkuza jirani mmoja alikuwa Mchaga, mwingine Mpare, na baba hakuwa na mtu wa kumtania. Hayo yote aliyafungia mahali nisipopajua.

Tulifika. Siwezi kukueleza yale maji yalivyokuwa siku ile, kwa sababu nilivyoyaona kabla ya aibu na nilivyoyaona baadaye ni kama mahali pawili. Kwanza tuliyasikia, kisha tukahisi ubaridi miguuni, kisha tukayaona yanashuka kwenye mwamba, si makubwa, lakini kwa watoto wa bomba la foleni yalikuwa makubwa mno. Baba alichota kwa kiganja, akanusa, akaonja, akatangaza kwamba yanafaa. Wasichana tulipewa kidimbwi cha chini pamoja na mwalimu. Wavulana walipewa cha juu, wasimamiwe na baba. Aliikunja suruali yake kwa kufuata marinda, akaiweka juu ya lile jiwe pana, shati juu yake, akaingia majini na bukta.

Tulikuwa tumeshatoka majini na kuvaa, tunakula viazi kwenye nyasi, midomo inatutetemeka, niliposikia wavulana wanapiga kelele. Nilitazama juu. Yule mama alikuwa amesimama kwenye lile jiwe amevaa suruali ya baba juu ya gauni lake, na shati la baba, kola amesimamisha. Akaweka mikono nyuma. Akanyoosha mgongo. Akaanza kukagua. Alikagua mwamba, akauliza choo chake kiko wapi. Alifunua jani la mgomba, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alimshika mvulana mmoja kidole, akaitazama kucha, akaguna. Alikuwa baba mtupu. Alikuwa amemtazama kwa muda usiozidi mwendo wa njiani, na tayari alimchukua mzima mzima. Darasa lote lilianguka kwa kicheko, na wale waliokuwa wakimwogopa kuliko wote ndio waliocheka kuliko wote.

"Suruali yangu, mama," baba alisema, maji yakiwa yamemfika kifuani.

"Mpagazi havai marinda. Toka ubebe mzigo, nitafikiria."

Akamrushia kanga yake moja. Baba akatoka majini amejifunga kanga ya mama wa watu yenye maua mekundu, akacheka, kicheko kikubwa ambacho hakijawahi kusikika nyumbani kwetu. Mzigo ulikuwa umeshaandaliwa, kuni za kupikia alizokuwa akikata njiani huku sisi tukidhani anasafisha njia. Baba alitengeneza kata kwa majani, akainua zile kuni zikakaa kichwani, akaondoka nazo kilima kizima mpaka kijijini, akiimba wimbo wa Kinyamwezi ambao sikuujua, na yule mama akitembea nyuma yake ndani ya suruali ile, mikono nyuma, akimhimiza. Wanakijiji walitoka majumbani kushangilia. Watoto wadogo walimfuata wakiitikia wimbo.

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwasha. Nilitembea mwisho kabisa wa mstari, nikitazama visigino vya msichana aliye mbele yangu. Sikuona mtu anayetaniwa. Niliona baba yangu amevuliwa nguo na mwanamke wa shamba, na watu wanashangilia.

Suruali alirudishiwa kijijini, baada ya kutua kuni na kulishwa mihogo na mbaazi za nazi mpaka akashindwa. Marinda yalikuwa yamekufa. Wakati wa kurudi hakukaa mbele na dereva, alipanda nyuma, akaja kukaa karibu nami kwenye mbao. Nilisogea kidogo, si sana, kiasi cha mkoba kukaa katikati. Aliniangalia.

"Yule ni mtani wangu," alisema taratibu, wengine wasisikie. "Siku nikifa wote mtalia. Yeye ndiye atakayekuja kuwachekesha."

Nikamwambia mimi sitaki kuchekeshwa.

Shuleni waliacha kuniita mtoto wa bwana afya. Nikawa mpagazi. Waliniwekea mikoba yao kichwani wakati wa mapumziko, wakiimba kile walichodhani ni Kinyamwezi, na kwenye foleni ya bomba nikapitwa kama wengine. Nikaanza kuondoka nyumbani mapema, nikisema nina zamu ya kufagia, ili nisifike getini na baba. Hakuuliza zamu gani hiyo isiyokwisha. Zamani akinipita njiani na baiskeli alipiga kengele. Baada ya muda akawa anapita bila kuipiga, ananyoosha mgongo tu na kuendelea.

Na mambo hayakuishia pale, kwa sababu yule mama aliupata udugu wake akaushikilia. Kila msimu alipakia kiroba cha mihogo au machungwa kwenye lori linalotoka ndani huko, na mimi nilitumwa kituoni Kwa Mathias kukipokea. Utingo alikuwa ameshafundishwa. Alisimama juu ya lori akapaza sauti mbele ya wasafiri wote na wauza mahindi: "Mzigo wa mpagazi wa Mkuza! Mwenye kichwa bapa ajitokeze!" Nilijitokeza mimi. Lori likirudi, baba alimpelekea asali ya kwao Tabora, na mimi ndiye niliyekaririshwa matusi ya kusindikiza ile chupa. Nilimwambia utingo kwa sauti ya chini sana kwamba mama ailambe polepole, asije akasikia ngoma akaimwaga. Utingo alinilazimisha nirudie kwa nguvu. Ilikuwa hivyo msimu kwa msimu, mpaka nikamaliza shule na kwenda zangu Dar.

Baba alistaafu, mguu ukaanza kumsumbua, lile lori likauzwa. Zikaja simu, na wale watu wawili waliopatana kwa miaka kwa njia ya utingo na kiroba, wakapoteana. Hakuna aliyekuwa na namba ya mwenzake. Hata jina lake nyumbani hatukulijua. Alikuwa mtani tu.

Mwaka jana baba alifariki. Tulifanya msiba mzuri, kila mtu alisema hivyo. Kamati iliundwa kwenye simu, yakaletwa maturubai na viti vyenye vitambaa, mshereheshaji akiwa na kipaza sauti na ratiba. Wasifu ulisomwa, ofisi yangu ikatoa salamu, jeneza likateremshwa kwa mikanda bila kutikisika. Kulikuwa na mzee mmoja jirani, mtu wa kwao baba kutoka huko bara, ambaye alijisogeza mbele na bakora yake akauliza watani wa marehemu wako wapi. Mshereheshaji alimjibu kwa heshima kwamba kwenye ratiba hakuna kipengele hicho. Mzee alibaki amesimama pale ukingoni, akilitazama kaburi ambalo hakuna aliyelirukia, wala kukaa ndani yake akidai kwamba huyu hazikwi mpaka amlipe mzigo wake. Hakuna aliyevaa nguo za baba na kuweka mikono nyuma na kukagua majembe ya wazikaji. Tulilia, tukaweka mashada, tukala pilau.

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na miwani myeusi. Ghafla nilimtamani yule mama kwa namna ambayo sijawahi kumtamani mtu. Nilitaka aje anicheke. Nilitaka aniwekee kuni kichwani mbele ya wakurugenzi wa ofisini kwangu. Ile aibu ya utotoni iligeuka palepale ikanitazama usoni, maana sasa nilielewa nilichokiona kule majini. Baba hakuwa amevuliwa kitu. Alikuwa amepata mtu wa kwao, mbali na kwao, na mimi nilikuwa nimetazama visigino.

Nguo zake ziligawanywa kwa ndugu. Ile suruali ya kijivu mama yangu aliirudisha kabatini. Alisema hiyo si yetu kugawa, ina mwenyewe.

Basi ndiyo hiyo, niliyomwomba mama, iliyokuwa mkobani tulipopita Kwa Mathias kwa basi dogo lenye viyoyozi na muziki. Kijiji sikukitambua. Mabati yamechukua nafasi ya makuti, na mahali lori lilipokuwa likiegeshwa pamejengwa banda la kupokelea wageni. Kiongozi alikuwa dada mmoja kijana, amevaa fulana ya kazi na kofia, anatugawia majaketi ya kuelea na kutueleza kwa upole wapi pana utelezi. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza habari za mama mmoja wa ugoro aliyekuwa akipeleka watu majini zamani.

"Huyo ni bibi yangu," alisema. "Tulimzika masika ya mwaka juzi, dada."

Mwaka juzi baba alikuwa hai. Alikuwa amekaa Mkuza kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli. Nikauliza kama watani walikuja kwenye msiba. Dada akafikiri kidogo.

"Bibi alikuwa anamtaja mpagazi wake wa Kibaha. Alisema huyo ndiye atakayelirukia kaburi lake. Siku ile tulingoja kidogo, lakini hatukuwa na namba. Mvua ikaja, tukazika."

Nikamwambia mpagazi huyo alikuwa baba yangu, na naye hayupo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akanipa pole nzuri kabisa. Nilingoja. Utani unarithiwa, mimi na yeye ni watani kama walivyokuwa wale. Nilingoja anibonyeze utosi. Matusi ya baba nilikuwa nayo yote kichwani, nimeyakariri Kwa Mathias utoto wangu wote, na ningeweza kuanza mimi. Lakini wenzangu wa ofisini walikuwa wamesimama hapo na simu zao, wakisubiri, nikaona aibu. Nikasema asante.

Maji yamepungua. Pengine hayakuwahi kuwa makubwa kama nilivyoyaweka moyoni. Jiwe lipo. Niliitoa suruali ya baba mkobani, nikaikunja kwa kufuata marinda, nikaiweka palepale pake, nikaingia majini. Nilikwenda mpaka chini ya maporomoko, mahali ambapo mtu hasikii kitu kingine, nikageuza mgongo. Nilikaa muda mrefu. Nilimpa nafasi yule dada. Nilijua hajui, lakini nilimpa nafasi, na kila nilipotaka kugeuka nilijizuia, nisije nikamkatiza.

Nilipotoka alikuwa amesimama kando ya jiwe. Suruali ilikuwa vilevile nilivyoiacha, na juu yake ameweka kijiwe ili upepo usiipeperushe.

"Nimekulindia, dada," aliniambia. "Hapa kwetu siku hizi hakuna mtu anayegusa cha mgeni."

Nilimshukuru. Nikakiondoa kile kijiwe, nikaikunja tena suruali ambayo haikuwa imekunjuka, nikairudisha mkobani.